Mchele Huu Una Baba Wangapi?

Ukialikwa walima upande wa Likoni usijidanganye kwamba watu wa huko wanakuja kutazama mapambo. Wanakuja kula biriani, na biriani ya Pwani haina pa kujificha. Masala hupikwa mbali na wali hupikwa mbali. Na wali wenyewe ukisha kupakuliwa kwenye sinia, kila punje hutakiwa isimame na nafsi yake, ndefu, nyepesi, inanukia kabla haijafika kinywani. Ukishikana, hapana zafarani wala vitunguu vya kukaanga vitakavyousitiri.

Mimi nakaa Kisauni, na dada yangu ameolewa Likoni. Alipokuwa anamuoza binti yake, kazi niliyopewa mimi mjomba ilikuwa moja tu: mchele. Nikaona ni kazi ndogo, maana soko la Kongowea haliko mbali nami. Nikaenda, nikanunua magunia mawili ya kilo hamsini hamsini, yameandikwa kwa herufi kubwa PISHORI YA MWEA. Nikafunguliwa mdomo wa gunia moja, nikachota konzi, nikanusa. Harufu ilikuwa ile ile niijuayo tangu utotoni. Nikalipa bei ya pishori, magunia yakavuka daraja la Nyali, yakapita mjini, yakapanda feri, na mimi nikajiona mjomba wa kweli.

Mpishi alikuwa mzee mmoja wa huko huko Likoni, ambaye amepika arusi za upande ule tangu mimi sijaota ndevu. Hakunusa. Alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi kutoka chini kabisa, akaitandaza kwenye uteo na kuusogeza karibu na taa.

"Mjomba wa bibi arusi," akaniuliza mbele za watu, "mchele wako huu una baba wangapi?"

Watu wakacheka, mimi sikuelewa. Akaanza kuzitenga punje kwa kidole. "Huyu ni wa Mwea. Huyu mrefu anayeng'aa amekuja na meli. Na huyu mfupi, wallahi, simjui wala sitaki kumjua." Ule wa juu ulikuwa pishori kweli, kuanzia katikati kwenda chini ulikuwa mchanganyiko. "Wewe umenunua harufu ya mdomo wa gunia," akaniambia.

Ilikuwa usiku, walima ni kesho, na hapakuwa na pa kwenda. Ukapikwa vivyo hivyo. Michele mitatu ikaroweshwa maji mamoja na kutiwa moto mmoja. Mmoja ulipoiva mwingine ulikuwa bado una kiini, na kiini kilipolainika ule wa kwanza ulikuwa umekwisha pasuka. Mzee mmoja wa jamaa za bwana arusi alilitazama sinia, akamuuliza jirani yake kwa sauti ya upole ambayo ningetamani nisiisikie: "Leo tumepikiwa bokoboko?" Dada yangu hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Nilirudi sokoni nikiwa nimejaa maneno. Mwenye duka hakunifokea wala hakukana. Alinipa kiti, akaagiza kahawa, kisha akaniambia kwa utulivu: "Bwana wangu, pishori ni jina tu. Kila mchele unaonukia ni pishori." Nikamwambia kwamba gunia limeandikwa Mwea. Akasema gunia limeandikwa na aliyelishona.

Nilimkumbusha ile hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, jinsi Mtume, sala na salamu zimfikie, alivyopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta umaji chini, naye akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Aliijua. Akainamisha kichwa, na nusu ya fedha zangu akanirudishia. Lakini neno lake la kwanza lilinibakia moyoni, kwa sababu sikuwa na jawabu. Ikiwa pishori ni jina tu, basi mimi nilidhulumiwa nini? Ndipo nilipoanza kuuliza huku na huku: jina la chakula ni la nani?

Wanasheria wana neno lao kwa jambo hili. Wanaliita kiashiria cha kijiografia, yaani jina linaloonyesha kwamba kitu kimetoka mahali fulani, na kwamba uzuri wake au sifa yake imetokana na mahali hapo, kwa udongo wake, maji yake na mikono ya watu wake. Si sawa na alama ya biashara. Alama ya biashara ni mali ya mtu mmoja au kampuni moja. Anaweza kuiuza kesho au kuhama nayo. Jina la mahali ni la wote walioko pale wanaofuata masharti ya kazi ile, na hapana awezaye kulifunga kwenye mzigo akaondoka nalo.

Ukinisikiliza mimi, ningeliita nasaba. Sisi wa Mombasa hatuhitaji mzungu atufundishe kwamba mahali huweza kuwa ukoo. Katika Thenashara Taifa wapo Wachangamwe, wapo Wajomvu, wapo Wamtwapa, na mtu huitwa hivyo kwa mji wa wazee wake hata kama yeye amezaliwa Majengo. Naye atakayejipachika ukoo usio wake twajua tumuite nani. (Ijapokuwa majina nayo hutembea. Kongowea, ambako leo ni soko na mtaa wa bara, hutajwa kuwa ndilo jina la kale la mji wa kisiwani, mji wa Mwana Mkisi. Jina limevuka maji, na hapana aliyeshtaki.)

Basi tuitazame nasaba ya pishori, na hapo ndipo mwenye duka alipokuwa na nusu ya haki. Wajuzi wa maneno husema pishori ni Peshawar, mji ulioko Pakistan karibu na mpaka wa Afghanistan. Masikio yetu yaliligeuza likawa letu. Na mbegu inayolimwa Mwea kwa jina hilo ni Basmati 370, ambayo ilitolewa kwa wakulima mwaka 1933 na kituo cha utafiti wa mpunga cha Kala Shah Kaku, huko Punjab. Kwa hiyo pishori tunayoiita ya kwetu ina babu Punjab na jina la Peshawar. Mwea yenyewe haikuwa na mashamba hayo ya mpunga kabla ya miaka ya 1950, ambapo serikali ya kikoloni iliwatumia wafungwa wa vita vya Mau Mau kuchimba mifereji. Maji yanatoka mito ya Thiba na Nyamindi, inayoteremka kutoka Mlima Kenya.

Je, hayo yanaifanya Mwea kuwa mwongo? La hasha. Mbegu ni ya watu wengine, lakini maji yale, udongo ule mweusi na mikono ya watu wa Kirinyaga imeutoa mchele ambao mpishi wa Likoni anautambua kwa taa ya kibatari. Hata karafuu haikuzaliwa Unguja wala Pemba; asili yake ni visiwa vya Maluku, nayo ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini nani leo atasema karafuu ya Pemba si ya Pemba? Hivyo nikaona kosa langu na la yule mwenye duka. Pishori kweli ni jina la aina. Jina linalobeba ahadi ni Mwea, na hilo ndilo lililoibiwa kwenye gunia langu.

Sababu ya wizi huo haiko mbali. Inapita Changamwe kila siku kwa malori. Kenya hula mchele mwingi kuliko inaolima, na sehemu kubwa ya unaobaki huteremshwa Kilindini. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75, lakini kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikitoza asilimia 35, na sababu moja ni kwamba Pakistan ni mnunuzi mkubwa wa chai yetu. Chai inatoka kwa lango lile lile mchele unaloingilia. Sisemi mchele wa nje ni mbaya. Basmati halisi ya Pakistan ni chakula cha wafalme, na akupaye hiyo kwa jina lake hajakudhulumu kitu. Lakini upo mchele wa nje wa bei ya chini sana kuliko wa Mwea, na mtu mwenye pakacho na sindano ya kushonea magunia huiona ile tofauti ya bei kuwa riziki.

Nilidhani jambo hili ni la masokoni tu, kumbe limekwisha fika mahakamani hapa hapa Kenya. Kampuni moja ya nchini ilitaka kusajili alama za biashara zenye neno basmati ndani yake. Shirika la serikali ya India linaloshughulikia mauzo ya vyakula nje, liitwalo APEDA kwa kifupi, likapinga: likasema basmati ni jina la mchele wa nchi fulani chini ya milima ya Himalaya, si neno la mtu kujishonea kwenye gunia lake. Msajili hakukubaliana nao, na mwaka 2017 Mahakama Kuu nayo ikawakatalia. Hoja ilikuwa kwamba mwenye kutaka jina la mahali likingwe Kenya hana budi kulisajili Kenya, kwa njia iliyowekwa na Sheria ya Alama za Biashara; nao walikuwa hawajalisajili.

Wahindi hao si wageni katika vita hivyo. Mwaka 1997 kampuni ya RiceTec ya Texas ilipewa hataza Marekani juu ya mbegu na punje za namna ya basmati. India ikapinga, na madai mengi ya hataza ile yakaondolewa, lakini wakuu wa Marekani wakashikilia kwamba neno basmati lenyewe ni la aina ya mchele tu. Neno lile lile aliloniambia mwenye duka wa Kongowea! Kisha majirani wawili wenyewe wakashikana: India ilisajili jina hilo kwao mwaka 2016, Pakistan ikatunga sheria yake mwaka 2020 na kulisajili mwaka uliofuata, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama ndugu waliogombea shamba la baba.

Hapa naomba ruhusa nigeuke kando kidogo, kwa sababu nimekutana na jambo lililonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mwaka 1994 mataifa yalikutana Marrakesh, nchini Morocco, yakatia saini mapatano ya biashara ya dunia, na ndani yake mna kanuni za majina ya mahali. Kanuni hizo zina daraja mbili. Kwa vitu vyote kwa jumla, mwenye jina hukingwa ikiwa watu watapotoshwa. Lakini kwa mvinyo na pombe kali ulinzi ni mkubwa zaidi: mtu wa nchi nyingine haruhusiwi kulitumia jina lile hata akieleza waziwazi kwamba chake ni cha namna ile tu. Ukikamua zabibu Afrika usiandike Champagne, hata ukiongeza chini yake kwamba ni mfano wa Champagne. Ama mchele, asali, karafuu, tende, hivyo vimewekwa kwenye daraja ya chini.

Sababu si siri. Wafaransa na jirani zao wamekuwa wakiyapigania majina ya mvinyo wao tangu karne ya 19, na waliofika mezani mapema ndio waliopakua minofu. Nchi nyingi, India ikiwemo, zimeomba kwa miaka mingi daraja ile ya juu ipewe vitu vingine pia, na hazijakubaliwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: katika nchi ya Waislamu, ulevi ulipewa heshima ya nasaba, na chakula cha halali kikaambiwa kisubiri nje.

Turudi kwetu. Kenya haijawa na sheria mahususi ya majina ya mahali. Mswada uliandikwa mwaka 2007, ukazungumzwa, na hadi leo haujawa sheria. Lakini mlango haukufungwa kabisa. Sheria ya Alama za Biashara, katika kifungu cha 40A, inaruhusu chama cha wazalishaji kusajili alama ya pamoja, na jina la mahali laweza kuingia humo. Jirani zetu Wataita wamekwisha pita njia hiyo: wasusi wa vikapu waliunda chama chao na kuisajili alama ya kikapu cha Taita, ili kikapu kilichosukwa kwingine kisiuzwe kwa jina lao. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya mali ya viwanda mwaka 2008, yenye sehemu ya majina ya mahali, na karafuu ndiyo ilikuwa mbele ya macho yao. Huko Kamerun wakulima wa pilipili manga ya Penja walisajiliwa jina lao mwaka 2013, na bei yake ikapanda mpaka wengine wakaanza kuiiga. Ndiyo dalili ya jina lenye thamani.

Sisi wa Pwani tulipata mshtuko mmoja, ule wa kikoi. Mnamo 2007 habari zilienea kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Fikiri, neno ambalo babu yako alijifunga kiunoni akienda msikitini! Watu wa biashara ya haki na watetezi wa Kenya walipinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Tukafurahi, tukalala tena.

Sasa nauliza: tuna nini cha kuandikisha? Nilipolitia swali hili barazani kwetu Kisauni, wa kwanza alisema haluwa. Nami nikasema, taratibu. Haluwa ni ya Maskati kabla ya kuwa ya Mombasa, na ya Lamu na ya Unguja vilevile. Sukari yake haina mtaa, na tukianza kugombea jina tutakosana na nusu ya jamaa zetu. Wa pili akasema mahamri na mbaazi. Hayo ni mapishi, na mapishi hayana udongo. Ni ya mwenye mkono. Mimi naona tungeanza kwenye miti. Embe ya ngowe, ile ndefu yenye mdomo kama wa ndege, isiyo na nyuzi, ambayo ikiiva hugeuka rangi ya manjano iliyokolea, huuzwa Nairobi kwa jina lolote litakalomjia muuzaji. Ziko boribo na batawi pia, ingawa hizo majina yenyewe yanazitangaza kuwa ni wageni: husemwa boribo ni Bourbon, kisiwa cha Réunion cha leo, na batawi ni Batavia, yaani Jakarta. Na upo mchele wetu wenyewe wa Kwale, mbegu za zamani kama kitumbo na ambale, ambao bibi zetu waliupika kabla pishori haijajulikana, na ambao vijana wengi wa Likoni leo hawajapata kuuonja ilhali mashamba hayako mbali nao.

Lakini kijana mmoja wa barazani, ambaye huuza nazi kwa jumla, alinitia maji baridi. Akasema kusajili ni karatasi; nani atakayesimama sokoni? Kweli hiyo. Jina la namna hii halitoki serikalini likiwa zima. Lataka kwanza wakulima wakae pamoja, wakubaliane mpaka wa eneo ni wapi, mbegu ni ipi, kukausha ni vipi. Wawe na mtu wa kukagua na fedha za kumlipa. Na wawe tayari kumfukuza mwenzao atakayechanganya. Champagne haikulindwa na maneno ya mahakama peke yake; ililindwa na wakulima waliokuwa wakipelelezana. Tumeshindwa mara ngapi na vyama vya ushirika hapa Pwani, vya korosho na vya samaki? Sina hoja ya kumjibu, ila najua kwamba Wataita ni watu kama sisi, na vikapu vyao vimepata jina.

Na kwa upande wetu walaji, jambo si la wakulima peke yao. Kama Mwea ingekuwa na jina lililoandikwa na kulindwa, mimi ningerudi Kongowea na neno lililo zito kuliko hadithi na kahawa. Ningesema: bwana, jina hili lina wenyewe, na wenyewe hawajakupa.

Dada yangu ana binti wa pili, na mambo yakienda kwa heri ataolewa mfungo mosi. Mchele nimepewa mimi tena, jambo ambalo sikulitarajia. Nilivuka kwenda Likoni kumuona mpishi, nikamuomba safari hii twende naye sokoni kabla sijatoa shilingi. Amekubali, kwa sharti nimlipie matatu kutoka mjini, maana kwa mguu feri haitozi kitu. Nilimuuliza atamwambia nini mwenye duka. Akasema hatamwambia neno. Ataomba uteo tu.